Usihukumu Kabla ya Kusawazisha Sauti

Mhadhara kwa wapenzi wa taarab, mafundi mitambo na wenye kuhifadhi rekodi za zamani, uliotolewa Mtoni, Unguja

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalozusha ubishi kila siku barazani: nyimbo zetu za zamani zinasikika vizuri zaidi kwenye kitu gani? Wapo wanaoapa kwamba hakuna kama kaseti. Wapo wa CD. Vijana wanasema simu na spika ya bluetooth zinatosha. Na wale wachache waliobaki na santuri za babu zao hawataki hata kuingia kwenye mjadala.

Sikuja kuamua kati yenu. Nimekuja kusema kwamba mashindano mengi ya namna hii huwa yameshaamuliwa kabla hayajaanza, na mwamuzi ni kitufe cha sauti. Kile kinachopigwa kwa sauti kubwa zaidi, hata ikiwa imezidi kidogo mno, ndicho kinachosifiwa. Karafuu haipimwi pamoja na gunia lake. Nasi tusipotoa kwanza uzito wa ukubwa wa sauti, hatujapima muziki.

Kabla sijaendelea, tusikilize. Nitapiga kipande kifupi cha kanuni na fidla mara mbili. Cha kwanza tukiite A, cha pili B. Kisha mtaninyooshea mikono.

(Vipande vinapigwa. Wasikilizaji wananyoosha mikono.)

Ahsanteni. Mikono ya B ni mingi. Hapa mbele nimemsikia mzee wangu akisema B "imefunguka", na kule nyuma mama yangu anasema kanuni ilikuwa "karibu zaidi". Sasa niwaambie: A na B ni rekodi moja, imepigwa na kompyuta moja kwenye spika hizi hizi. Nilichofanya ni kuipandisha B kwa desibeli 1 tu.

(Kicheko.)

Msicheke sana, maana hakuna aliyekosea kusikia. Mmesikia tofauti, na tofauti ipo. Lakini angalieni mlivyoieleza. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba B ina sauti kubwa. Mmesema imefunguka, mmesema iko karibu. Tofauti kubwa ya sauti mtu huitambua mara moja, akanyoosha mkono akapunguza. Ile ndogo, ya desibeli 1 au nusu yake, hatuitambui kuwa ni tofauti ya ukubwa. Tunaipokea kama ubora wa chombo. Ndiyo maana mtu anaweza kununua waya wa bei kubwa, akabadilisha deki, akasifu nakala mbovu, huku akiwa na hakika kabisa kwamba ametumia masikio yake.

Desibeli ni nini? Ni kipimo cha kulinganisha nguvu mbili. Ukiongeza umeme unaoingia kwenye spika maradufu kwa nguvu, umepanda desibeli 3. Ili mtu wa kawaida aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kupanda desibeli 10 hivi. Desibeli 1, ile niliyowafanyia hapa, ni sawa na kuongeza volti za kwenye spika kwa asilimia 12. Kwenye kitufe cha kuzungusha ni msogeo mdogo ambao hata macho hayauoni.

Lakini kwa nini sikio lipendelee kilicho kikubwa? Sababu moja imejulikana tangu mwaka 1933, pale Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walipochapisha vipimo vyao vya usikivu wa binadamu. Walionyesha kwamba sikio halizipokei toni zote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko hubadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Kwa vipimo vinavyotumika leo duniani, toni ya hezi 1,000 ikiwa na desibeli 40, basi toni nzito ya hezi 100 inahitaji desibeli 64 hivi ndipo isikike sawa nayo. Ukipandisha sauti yote kwa pamoja, pengo hilo hupungua.

Tuirudishe habari hii kwenye taarab. Punguza sauti, na kitakachopotea kwanza ni besi na ule mdundo wa chini wa dumbaki. Fidla na sauti ya mwimbaji zinabaki, kwa sababu sikio ni kali zaidi kwenye hezi 2,000 hadi 5,000, na huko ndiko ukali wake uliko. Pandisha kidogo, na besi inarejea, ile sauti ya mwisho ya uzi wa kanuni inasikika, pumzi ya mwimbaji inasikika. Si kwamba chombo cha pili kina besi zaidi. Kimepewa nafasi ya kusikika. Anayesema "kaseti yangu haina besi, CD inayo" huenda anaeleza jinsi sikio lilivyoumbwa, wala hajafika kwenye habari ya kaseti.

Wafanyabiashara wanalijua jambo hili siku nyingi. Ingia duka lolote la redio, liwe la Darajani au la Kariakoo kule Dar es Salaam, mwombe muuzaji akulinganishie spika mbili. Ile anayotaka uondoke nayo mara nyingi ndiyo utakayoisikia kwa sauti ya juu kidogo. Waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakuwahi kuona kitufe cha sauti, lakini walimjua muuzaji.

Nyumbani hakuna muuzaji, na bado udanganyifu upo, kwa sababu vyombo vyenyewe havikutengenezwa vitoe umeme sawa. Mashine ya CD kwa kawaida hutoa volti 2 pale rekodi inapofika kileleni. Deki nyingi za kaseti hutoa karibu nusu volti. Baina ya hizo mbili pana desibeli 12, yaani zaidi ya kile tunachokiita sauti maradufu. Simu inategemea ni ya aina gani na umeipandisha kiasi gani. Santuri ndiyo iliyo mbali zaidi: sindano ya kisasa ya sumaku hutoa milivolti chache tu, na lazima ipitie kwenye kikuzaji chake chenyewe kabla ya kufika kwenye amplifaya. Mtu akibonyeza kitufe cha kubadilisha kutoka deki kwenda CD bila kugusa sauti, hajalinganisha chochote. Ameongeza sauti.

Hata kabla ya umeme kuingia majumbani suala hili lilikuwepo. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na sahani zile zikaenea pwani yote. Gramafoni ya kukaza kwa mkono haikuwa na kitufe cha sauti. Sauti ilitawaliwa na sindano. Sindano za chuma ziliuzwa ndani ya vibati vidogo: nene kwa anayetaka sauti kubwa, nyembamba kwa anayetaka ndogo, na ilikuwa desturi kutia mpya kila upande wa sahani, kwa wimbo wa dakika 3 hivi. Nyumba mbili za Ng'ambo zenye sahani moja ya Siti zingeweza kubishana usiku kucha nani ana sahani nzuri, kumbe mmoja ametia sindano nene.

Anayepiga sahani hizo leo ana tatizo jingine. Hadi mwaka 1954, ulipopatikana utaratibu mmoja uitwao RIAA, kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kupunguza besi na kuongeza trebo wakati wa kukata sahani. Sahani ya 1928 ikipigwa kwa kikuzaji cha kisasa, besi na trebo hazitatoka kama zilivyowekwa. Hiyo ni tofauti ya kweli inayostahili kujadiliwa. Lakini hatuwezi kuijadili mpaka tumeshaondoa ile ya ukubwa.

Basi tufanyeje? Nitaeleza njia ambayo mtu yeyote mwenye mita ya fundi umeme anaweza kuifuata.

Kwanza, tumia amplifaya moja, spika moja au jozi moja, na kiti kimoja kisichosogezwa. Hili la kiti nalisisitiza kwa wakaazi wa Mji Mkongwe. Nyumba zile zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hazipatikani ndefu, kwa hiyo vyumba vikawa virefu lakini vyembamba, mara nyingi havifiki upana wa mita 3. Chumba cha upana wa mita 2.8 kina mvumo wake kwenye hezi 60 na ushei, pale pale inapopita besi. Kaa karibu na ukuta, besi inajaa. Sogea katikati ya chumba, toni hiyo inakaribia kupotea. Mtu aliyesikiliza kaseti akiwa ameegemea ukuta, kisha akasimama kuitia CD akaisikiliza akiwa katikati, amelinganisha pande mbili za chumba chake.

Pili, tafuta toni ya majaribio, ile sauti moja isiyopanda wala kushuka. Zipo bure kwenye intaneti, na unaweza kuzitia kwenye CD na kwenye simu. Chagua ya baina ya hezi 100 na 400, kwa sababu mita za bei rahisi zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani wa hezi 50, na zikipelekwa kwenye toni za juu sana hutoa majibu ya uongo. Weka mita kwenye kipimo cha volti za umeme wa AC, gusisha ncha zake kwenye nyaya mbili za spika moja, chanya na hasi. Usichanganye waya wa spika hii na wa spika ile, maana kuna amplifaya zitakazoungua. Piga toni kutoka chombo cha kwanza, andika volti. Hamia cha pili, rekebisha mpaka ufikie namba ile ile. Tofauti ya asilimia 1 ya volti ni kama desibeli 0.09. Ukifika hapo umefaulu. Wanaofanya majaribio haya kwa makini hutaka tofauti isizidi desibeli 0.1 au 0.2.

Asiye na mita atumie programu ya kupima sauti kwenye simu. Aiweke simu mahali pamoja, asiishike mkononi, azime feni na afunge dirisha, kwani upepo ukiingia kwenye maikrofoni huhesabiwa kuwa ni sauti. Namba itakayoonekana si ya kuaminiwa yenyewe kama yenyewe, lakini kwa kulinganisha mara mbili katika chumba kimoja inasaidia. Haitakufikisha kwenye desibeli 0.1. Itakutoa kwenye kosa la desibeli 12.

Jihadharini na vitufe vya simu. Simu nyingi zina hatua 15 hivi za sauti, na hatua moja huweza kuruka zaidi ya desibeli moja. Ikiwa usawa unaoutaka uko katikati ya hatua mbili, hutaupata. Ipeleke simu kwenye hatua ya juu, kisha punguza kwenye amplifaya au ndani ya programu inayopiga muziki. Na sheria ya jumla ni hii: shusha kilicho kikubwa, usipandishe kilicho kidogo. Kinachopandishwa kupita uwezo wake hukatika vilele, kikakwaruza.

Tatu, rekodi zenyewe zikiwa na viwango tofauti, toni ya majaribio haitoshi. Toni inasawazisha vyombo, lakini kaseti iliyorekodiwa juu na CD iliyorekodiwa chini zitabaki zimeachana. Hapo unapima wimbo wenyewe, kwa wastani wa kipande kile kile. Dunia ilikubaliana juu ya kipimo cha aina hii mwaka 2006, na kinahesabiwa kwa LUFS. Watangazaji wa Ulaya waliweka kiwango chao cha −23 mwaka 2010. Spotify husawazisha nyimbo zake kwenye −14 hivi. Angalieni: baina ya viwango viwili hivyo pana desibeli 9. Unayechukua wimbo uliotoka kwenye redio ya huko Ulaya ukaulinganisha na ule ule wa mtandaoni, ujue huenda pengo lako linaanzia hapo. Programu ya kompyuta iitwayo Audacity ni ya bure, na ina sehemu ya kufanya hesabu hiyo. Hamisha kaseti na CD kwenye kompyuta, zipeleke zote mbili kwenye kiwango kimoja, kisha sikiliza.

Nne, usijue unachosikiliza. Mwenzako abadilishe vyombo, arushe sarafu kuamua kipi kipigwe, na wewe uandike jibu lako kwenye karatasi bila kumwangalia usoni. Fanyeni mara 16. Anayebahatisha tu ana nafasi isiyofika 4 katika 100 ya kupata majibu 12 au zaidi ya sawa. Ukipata 12, tutakusikiliza kwa heshima. Ukipata 8, huna cha kumwambia mwenzako barazani.

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya nikubali kuzungumza hapa. Ubishi wa nani ana chombo kizuri ni burudani, na burudani si dhambi. Lakini sisi tuna jambo la kulinda. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905. Redio ya Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951. Nyimbo zetu zimehama kutoka sahani kwenda utepe wa redio, kutoka utepe kwenda kaseti, kutoka kaseti kwenda kaseti nyingine, na leo ziko kwenye simu. Nyimbo nyingi nakala yake nzuri kabisa haiko kwenye maktaba yoyote. Iko kabatini kwa mama mmoja wa Mtoni, au mwingine wa Kikwajuni, au kwa jamaa yake aliyeko Maskati.

Tukumbuke kaseti ilivyokuwa ikitolewa nakala. Kila kizazi cha nakala kinaongeza kelele ya chinichini, ule "sss" wa utepe. Fundi wa duka, ili kuufunika, anaipandisha sauti ya kurekodia. Utepe una kikomo: ukijazwa kupita kiasi, vilele vya sauti vinabanwa. Ule mchomo wa kwanza wa kidole kwenye uzi wa kanuni unalainika. Taksim, pale mpigaji anapokuwa peke yake na wengine wametulia, inakaribiana kwa ukubwa na kundi zima pamoja na waitikiaji. Kwa hiyo nakala ya tatu inakuwa na sauti kubwa kuliko ya kwanza, na imeharibika zaidi.

Sasa familia inaamua kuhamishia kwenye kompyuta. Zipo kaseti mbili za wimbo mmoja. Wanaweka ya kwanza, inasikika iko mbali, haina nguvu. Wanaweka ya pili, inajaa chumba. Wanahifadhi ya pili, ya kwanza wanamwachia mtoto arekodie mambo mengine. Hapo kimepotea kitu ambacho hakitarudi, na kilichokipoteza ni tofauti ya desibeli 4 au 5 ambayo mtu angeiondoa kwa kugeuza kitufe. Zisawazishe kaseti zile mbili, na mara nyingi hukumu inageuka: ile iliyoonekana dhaifu ndiyo yenye taksim iliyo hai, na ile kubwa inasikika imebapa.

Hata nakala zilizochapwa vizuri haziachwi nje ya sheria hii. Mfululizo wa CD uitwao Zanzibara, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique kuanzia mwaka 2005, umeturudishia mambo mengi, na toleo lake la 2 ni la taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Mwenye sahani ndogo za lebo ya Mzuri za wakati ule, zilizotolewa na Assanand pale Mombasa, anaweza kukaa na sahani yake na CD hiyo akalinganisha. Alinganishe. Lakini asawazishe kwanza.

Huenda mtu akaniuliza: ukishasawazisha, si kila kitu kitasikika kimoja? Baadhi ya tofauti zitatoweka kweli, na hizo hazikuwa tofauti. Zitakazobaki ndizo za kushughulikia. Utasikia deki inayokwenda mbio: ikizidi asilimia 6, wimbo mzima umepanda nusu toni, na mwimbaji amekuwa msichana. Utasikia kaseti iliyorekodiwa kwa Dolby, ule mfumo wa kupunguza kelele ya utepe, ikipigwa bila Dolby, trebo ikiwa kali. Utasikia kichwa cha deki kilichopinda au kilichochafuka. Vyote hivyo vina dawa, na fundi hawezi kuvitibu iwapo ukubwa wa sauti umevifunika. Na mwisho wa yote, ukiwa umesawazisha na bado roho yako inapenda kaseti, ipende. Hilo litakuwa chaguo lako, si la kitufe.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu wenye kaseti nyumbani. Msifute nakala yoyote kwa sababu ina sauti ndogo. Mnapohamishia kwenye kompyuta, rekodini chini kidogo, vilele visiguse mwisho, kwani sauti inaweza kupandishwa baadaye lakini kilele kilichokatwa hakiungwi. Na kwenye kila faili andikeni imetoka kaseti gani, imepigwa kwa deki gani, tarehe gani, na imepandishwa au kushushwa desibeli ngapi, ili atakayekuja kulinganisha baada yetu ajue aanzie wapi.

Mita iko hapa mezani na deki mbili ziko tayari; mwenye kaseti yake mfukoni na asogee.